Ng'ombe Aliyeimbwa Chuo Kikuu

Waliokuwepo siku ng'ombe alipotolewa ni hawa. Mimi, niliyeomba, pamoja na gunia langu la samaki wakavu ambalo sikulifungua mpaka jua lilipogeuka. Mdogo wangu wa kiume, aliyepokea. Wenzake wawili wa chuo kikuu: kijana mrefu wa Katilu aliyekuwa akisomea misitu, na binti wa karani wa baraza la mji wa Lodwar, ambaye alikuwa akisomea sheria lakini ubishi alikuja nao kutoka nyumbani. Mwenye ng'ombe, Mdinka wa Sudan mwenye duka la sukari na sabuni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mkewe, aliyekuwa akikoroga uji wa mtama nyuma ya duka. Mzee mmoja wa kwetu, Mturkana, aliyekuja kununua tumbaku akasahau kuondoka. Waliobaki walikuwa wateja, na mteja ni shahidi pia hata kama alifuata kibiriti. Majina nayaacha, kwa kuwa wengine wamehama na wengine hawapendi kuandikwa. Lakini ng'ombe asiye na mashahidi hajatolewa, ndiyo maana nimeanza na wao.

Ng'ombe mwenyewe hakuwepo.

Ili hilo lieleweke, lazima nieleze habari za chuo. Mimi niliacha shule darasa la sita, mwaka mama alipomfuata baba. Nyuma yangu walikuwa watatu, na mdogo wangu huyu ndiye aliyenifuata. Nikaanza kununua samaki Kalokol na kuwauza Lodwar, na kambi ya Kakuma ilipojaa watu nikawa napanda malori ya posho kwenda kuuza na huko. Mdogo wangu alipoitwa chuo kikuu cha serikali, kule nyanda za juu, mtaa mzima ulijiona umeitwa. Sisi wa Lodwar mtu akipanda basi kuelekea kusini tunasema ameenda Kenya, na majirani walitaka kujua Kenya kunakwendaje.

Kwa hiyo akija likizo hakupumzika. Jioni majirani walikuja na vigoda vyao na kumuuliza habari za chuo kama mtu anavyoulizwa habari za mvua akitoka malishoni. Walijua mambo mengi ambayo hawakuwahi kuyaona. Walijua kuwa yuko profesa wa hesabu anayepanda baiskeli akiwa amevaa tai, na kwamba siku ya maharagwe mabovu wanafunzi hugonga sahani kwa vijiko mpaka mpishi mkuu atoke kuomba radhi. Fitina za uchaguzi wa chama cha wanafunzi walizijua kuliko za udiwani wetu. Mama mmoja jirani, msusi wa vikapu, alikuwa na mgombea wake, aliyempenda kwa sababu tu alisikia ana sauti ya kukwaruza kama ya marehemu mumewe. Alipoambiwa kijana yule ameshindwa, alikataa chai. Na waliposikia kwamba siku ya mahafali mkuu wa chuo husimama akawapa wahitimu uwezo wa kusoma, walicheka hadi wakakohoa.

"Sasa hiyo miaka yote alikuwa anafanya nini?" mama wa vikapu aliuliza.

Chuo kilikuwa na jarida lake dogo, la Kiingereza, lenye habari za walimu waliopandishwa vyeo, za mechi na za wageni waliotembelea maktaba. Mdogo wangu alikuwa akiniletea. Sisi wauza samaki hufungia samaki magazeti, lakini lile jarida sikulifungia hata dagaa. Nililisoma polepole, na neno nisilolijua nililiruka kama mtu anavyoruka mwiba.

Kila mwaka walikuwa na Wiki ya Utamaduni. Wanafunzi wa kila jamii walicheza ngoma yao mbele ya wakubwa wa chuo, na kila kundi lilitangazwa kwa jina lake. Waliotoka kwetu Turkana walikuwa sita tu chuo kizima. Mwaka wake wa kwanza hawakuwa na ngoma iliyokamilika, na mwalimu aliyesimamia tamasha akawatia katika kundi la mseto, asubuhi, viti vikiwa bado vinapangwa. Mtangazaji alitaja jamii mbili tatu, akamalizia, "na wengineo." Mdogo wangu alinisimulia jambo hilo mara moja tu, akicheka, na kwa namna alivyocheka nilijua halikumchekesha.

"Dada," alisema, "hao wengineo ndio sisi."

Mwaka uliofuata mwalimu yule aliwapa nafasi ya mchana, peke yao, kwa jina lao, mradi walete ngoma nzima yenye kiongozi. Wakishindwa, ni mseto tena. Lakini kabla ya tamasha wanafunzi wakagoma na chuo kikafungwa. Kila mmoja alirudishwa kwao na kuamriwa kupiga ripoti kwa chifu kila wiki. Chifu wetu hakujua awafanye nini. Aliwatazama wote sita wamejipanga mbele ya meza yake, wamenyooka kama askari, akawauliza kama wamekula.

Basi ua wetu ukawa chuo kikuu. Waliamua kutumia muda ule kufanya mazoezi ya edonga, ngoma yetu ya kuruka. Katika edonga mwanamume huingia katikati, huinua mikono kama pembe za ng'ombe wake, na kumwimba: rangi yake, mahali aliponyweshwa, mambo waliyopitia pamoja. Wenzake humwitikia wakiruka. Si ng'ombe yeyote. Ni maksai ambaye kijana amepewa na baba yake au na rafiki wa baba yake, akamlea hadi watu wakamjua kijana kwa ng'ombe na ng'ombe kwa kijana.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kati ya wale sita wavulana walikuwa wanne, na wote walikulia mabwenini tangu wakiwa wadogo. Kuruka walijua. Mikono waliinua vizuri. Ng'ombe hawakuwa naye.

Jioni ya kwanza mdogo wangu alimwimba ng'ombe wa baba. Wimbo ule nilimfundisha mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshausikia sana kabla ya ukame uliotumalizia mifugo na kutuleta mjini. Hakufika mbali. Mzee jirani aliinua fimbo yake.

"Ng'ombe huyo ni wa nani?"

"Wa baba."

"Na baba yako yuko wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Alieleza kwamba ng'ombe wa kuimbwa huenda na mwimbaji wake, na kijana akimwimba ng'ombe wa baba yake ni kama amemvua marehemu viatu. Watu walikubali kwa vichwa. Hata mimi nilikubali, ingawa wimbo niliupenda.

Akaingia kijana wa Katilu. Kwao ni wakulima wa mashamba ya maji ya mto Turkwel, na mnyama pekee aliyepata kumlea ni punda wa kubeba mahindi. Basi akamwimba punda, mikono juu imenyooka kama masikio. Majirani walianguka kwenye vigoda. Mama wa vikapu alilia machozi. Binti wa karani akasema huyo apelekwe mseto bila kesi. Wa tatu alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, akamwimba ng'ombe wa kupendeza ajabu, mwenye madoa kama anga la usiku. Mzee aliposikiliza hadi mwisho akamuuliza aliyempa ni nani. Kijana akasema amembuni.

"Basi umetudanganya kwa sauti nzuri," mzee alimwambia. Wa nne hakujaribu.

Binti wa karani alitoa hoja kwamba huko Kenya hakuna atakayejua. Waimbe tu, nani atauliza ng'ombe ni wa nani? Wenzake walianza kukubaliana naye. Mdogo wangu ndiye aliyekataa.

"Wanaoitikia ni ninyi," alisema. "Nitawaitikishaje uongo?"

Wiki zilikuwa zinapita na jambo likabaki pale. Nilimtumia ujumbe baba yetu mdogo, aliyekuwa na ng'ombe wake upande wa mpaka wa Uganda, kupitia kwa mchungaji aliyekuwa akirudi huko. Jibu lilikuja kwa mdomo wa mchungaji mwingine: kijana aliyelelewa na shule amwombe ng'ombe mwalimu mkuu. Mdogo wangu alicheka tena kicheko kile cha "wengineo". Sikukipenda. Tangu nianze kuwalea sikuwahi kumpa mdogo wangu kitu alichohitaji nusu nusu, na sikutaka kuanza na hiki.

Siku moja baada ya ripoti ya chifu nilikuwa naenda Kakuma na samaki, na watatu kati yao wakanisindikiza, mdogo wangu na wale wawili niliowataja, kwa kuwa hawakuwahi kuiona kambi. Tulikaa juu ya magunia ya unga tukala vumbi njia nzima. Tukafika kwa mteja wangu yule Mdinka. Mtu mzito, mpole, mgumu wa bei. Duka lake lilikuwa la udongo, na paa na mlango vilitengenezwa kwa madebe ya mafuta ya msaada yaliyopondwa yakawa mabati.

"Ejok," alinisalimu, kwa kuwa alikuwa amejifunza salamu ya kwetu, nami nikamjibu ejok. Nikamweleza vijana ni akina nani. Halafu, wakati anatafuta mizani, nikamsimulia ile habari ya punda, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Aliweka mizani chini.

"Ukti," alisema, yaani dada yangu, kwa Kiarabu chao, "hawa vijana yako, hakuna hata moja ana ng'ombe?"

"Hakuna."

"Hata ya baba?"

"Mmoja ni ndugu yangu. Baba hatuna."

Alikaa juu ya katoni ya sabuni. Akatueleza kuwa kwao pia kijana hupewa ng'ombe wa kuimba, na yeye alipewa wake na baba yake siku alipohesabiwa mtu mzima. Vita vilipofika walikimbia kila mmoja kwa njia yake, na ng'ombe akabaki ng'ambo ya kinamasi. Watu wengi walimwambia kwamba ng'ombe wote wa upande ule walichukuliwa au kuliwa. Alikuwa amenyamaza kuhusu ng'ombe yule tangu afike kambini, na ngoma zilipochezwa kambini nyakati za sikukuu, yeye alibaki dukani.

"Lakini mimi sikuona anakufa," alisema. "Mtu hajaona, ng'ombe hajakufa. Kijana, wewe chukua yeye."

Binti wa karani ndiye aliyejibu, akauliza kama mtu anaweza kutoa kitu ambacho hakimo mkononi mwake.

"Wewe ni mtoto ya sheria?"

"Nasomea."

"Sawa. Mimi niko hapa, kambi. Shamba yangu iko kule. Ni yangu ama hapana?"

"Ni yako."

"Basi ng'ombe pia."

"Hoja imekubaliwa," alisema binti wa karani, na wateja wakacheka.

Ndipo mzee wa tumbaku, tuliyedhani hafuati maneno, akazungumza kwa Kiturkana. Aliuliza kama kijana amemwona ng'ombe. Kwetu huwezi kumwimba mnyama ambaye macho yako hayajampita mgongoni. Nikatafsiri. Niliona mdogo wangu anaangalia mlango, na nilijua anahesabu muda uliobaki kabla ya chuo kufunguliwa.

Mdinka alimwita mkewe alete maji. Akatoka nje, akachota udongo wa kando ya mlango, akaukanda mbele yetu na kuanza kufinyanga. Kwao watoto hucheza kwa ng'ombe wa udongo, na vidole vyake havikuwa vimesahau. Ulitoka mwili, ukatoka mkia. Mwili aliupaka mkaa na kichwa akakipaka majivu, kwa kuwa ng'ombe yule alikuwa mweusi mwenye kichwa cheupe. Pembe ya kulia ilipanda moja kwa moja. Ya kushoto ilipinda mbele ikapita juu ya uso, kama mtu anayekinga jua. Mkewe alikuja na mwiko mkononi, akamtazama ng'ombe, akatikisa kichwa. Nundu ni ndogo, alisema. Mumewe akabisha. Mkewe akasema ameusikiliza wimbo wa ng'ombe huyo miezi mingi kabla ya kukubali kuolewa, na nundu ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Akachota udongo mwenyewe, akaongeza.

"Sasa ni yeye," alisema.

Mdogo wangu alichuchumaa akamzunguka ng'ombe yule wa udongo, mbele, nyuma, ubavuni. Mzee wa tumbaku alichuchumaa pia na kumzunguka. Kisha Mdinka akaonyesha mikono: wa kulia juu, wa kushoto umekunjwa mbele ya uso. Akaimba kwa lugha yake, kwa sauti ya chini kwanza, kisha si ya chini. Aliporuka ardhi ilitimua vumbi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji walitoka kuangalia, na wengine wakaitikia bila kuulizwa. Mdogo wangu aliinua mikono kumfuata, na wenye duka wakamrekebisha kiwiko mpaka wakaridhika.

Mzee wa tumbaku alitema mate kidogo ya baraka kuelekea kwao, akauliza swali la mwisho, ambalo ndilo lililonihusu. Aliuliza kinachorudi ni nini.

Mdinka alinigeukia mimi.

"Siku mimi naenda nyumbani, wewe unipe ng'ombe moja, jike, nitembee na yeye. Si leo. Siku hiyo."

Nikasema nimekubali. Mdogo wangu akataka kusema kuwa deni ni lake, nikamwambia anyamaze, mwombaji ni mimi. Baada ya hapo ndipo nilipofungua gunia la samaki, na mtu yule yule aliyetoka kutoa ng'ombe akabishana nami juu ya kila mkia kana kwamba hatujawahi kuonana.

Chuo kilipofunguliwa sita wale walipanda basi na shanga walizoazimwa na kina mama wa mtaa. Mimi nilibaki, kwa kuwa samaki hawangoji. Habari za siku yenyewe zilinifikia likizo iliyofuata, kwa vinywa sita vilivyokatizana. Walitangazwa mchana, kwa jina lao. Uwanja ulikuwa umechoka kwa jua na ngoma nyingi, na watu walianza kuondoka. Mdogo wangu akaingia katikati, akainua mkono wa kulia, akakunja wa kushoto mbele ya uso. Nyuma kabisa ya umati wanafunzi wawili Wasudani, ambao hawakuwa na kundi lolote na walikuja kutazama tu, walisimama wakapiga kelele. Walikuwa wameijua ile pembe, au pembe ya namna ile. Walipita kati ya watu wakaingia kwenye duara na kuruka. Duara la sita likawa la nane, kisha waliotaka kuondoka wakarudi. Binti wa karani aliapa kuwa profesa wa hesabu pia aliruka, na tai yake ikampiga usoni. Kijana wa Katilu akasema aliruka mara moja tu. Wakabishana juu ya profesa hadi chai ikapoa.

Hawakupata nafasi ya kwanza. Mdogo wangu alisema hata hakuuliza walipata ya ngapi. Lakini tangu siku ile wanafunzi wasiomjua walimsimamisha njiani kumuuliza kama ng'ombe hajambo, na mpishi mkuu alimwongezea maharagwe kwa niaba ya ng'ombe.

Jarida la chuo lilitoa picha, nyeusi sana. Yumo hewani, na kwa sababu ya ule mkono uliokunjwa uso wake hauonekani. Chini yake pameandikwa kwamba ni wanafunzi wa kutoka Turkana. Niliwasomea majirani mstari huo mara kadhaa, kwa Kiingereza kwanza, ili wausikie ulivyochapwa. Mzee jirani alilishika jarida kwa mbali, macho yakiwa hayafiki tena karibu.

"Ng'ombe huyo ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wangu," mdogo wangu alimjibu. "Nimepewa, na tunadaiwa."

Mzee akarudisha jarida, ameridhika.

Mimi nilizipeleka habari Kakuma. Mdinka alinisikiliza akiwa anapima sukari, asiinue macho. Nilipofika kwa wale Wasudani wawili alisimamisha kipimo. Akauliza jambo moja tu, kama mkono wa kushoto ulikunjwa sawasawa. Nikamwambia ulikunjwa hata uso haukuonekana. Akamwita mkewe aje asikie, nikaanza upya. Sikukuu iliyofuata nilikuta duka limefungwa mchana, na nikamwona ngomani.

Mdogo wangu alimaliza, akapewa ule uwezo wa kusoma, akawa mwalimu. Kwa mshahara wake wa mwanzo mwanzo tulinunua mtamba mmoja, jike ambaye bado hajazaa, tukamweka kwa ndugu za yule kijana wa Katilu, penye majani. Nilikwenda Kakuma kumwambia Mdinka kuwa wake yuko tayari, aje amchukue au tumletee. Nilijua nakosea hata kabla sijamaliza. Kwetu kulipa mnyama haraka ni kumwambia mtu umechoka naye, na kumbe kwao ni vivyo hivyo.

"Ukti, mimi nimeenda nyumbani?" aliniuliza.

"Bado."

"Sasa wewe naharakisha nini?"

Mwaka mwingine nilimpelekea mbuzi, nikidhani nitapunguza. Akamchinja, akatualika, tukala naye vizuri sana. Alipomaliza kunawa akaniambia mbuzi alikuwa mtamu, na kwamba yeye alitoa ng'ombe.

Ninapoandika haya njia ya kwao bado haijafunguka, na bado anaulizia bei ya samaki kama mtu anayeibiwa. Mtamba wetu wa Katilu alizaa mwezi uliopita, ndama jike. Nilimuuliza binti wa karani, ambaye siku hizi ni wakili na watu humlipa kwa ubishi ule ule, ndama huyo ni wa nani. Hakufikiri hata kidogo. Alisema ndama hufuata mama yake, na mama tulishamtenga mbele ya watu. Kwa hiyo tulikuwa tunadaiwa mmoja, na sasa tunadaiwa wawili.